Unabadilisha injini? Karatasi kwanza, spana baadaye

Zipo gari nyingi hapa kwetu, Unguja na Pemba, zinazotembea na injini ambazo hazimo kwenye kadi zao za usajili. Wenyewe si wezi. Injini imeanza kula oili na kutoa moshi, mtu akapiga hesabu ya ovaholi ikamshinda, fundi akamwambia, "Mkubwa, tafuta injini ya mtumba tu, utapumzika." Injini ikapatikana, ikafungwa, gari ikarudi njiani. Kadi imebaki kabatini na namba ya injini iliyokwisha kuuzwa chuma chakavu. Mambo huenda hivyo hivyo mpaka siku mtu anapotaka kuuza, kudai bima au kuivusha gari kwenda Bara. Hapo ndipo anapoanza kumtafuta muuzaji ambaye hata simu yake haiiti tena.

Mimi nilibadilisha injini ya Toyota IST yangu, nikatoa injini ya aina ya 2NZ nikaweka ya 1NZ iliyo kubwa zaidi, na leo kadi yangu inasema kile kile kilichomo chini ya boneti. Kwa hili nina neno moja kubwa la kuwaambia wenzangu: kazi ya kadi inaanzia pale unaponunua injini, kabla fundi hajalegeza hata nati moja. Ukisubiri mpaka gari iwake, ushahidi mwingi unaouhitaji umeshapotea au umeshafichika.

Kwanza tuelewane nini hasa kinachobadilika. Gari ina namba ya chasisi, ambayo ndiyo hiyo hiyo maisha yake yote, na ina namba ya injini, ambayo imegongwa kwenye bloku, yaani kile chuma kikubwa chenye silinda ndani yake. Kwa hiyo ukifanya ovaholi, ukabadilisha pistoni, ringi, gasketi, hata silinda hedi nzima, namba yako haijaguswa na huna safari ya ofisini. Ukibadilisha bloku, namba imebadilika, hata kama umetoa 1NZ ukaweka 1NZ nyingine inayofanana nayo kama pacha. Wengi wanadhani injini ya aina moja haihitaji kuandikishwa. Inahitaji, kwa sababu kadi haikuandika aina peke yake, imeandika injini ile moja kwa namba yake.

Ukibadilisha na ukubwa, mambo yanaongezeka. 2NZ ina ukubwa wa sisi (cc) 1298 na 1NZ una wa sisi 1497. Kwa macho ni vigumu kuzitofautisha, kwani hata kipenyo cha silinda ni kimoja, milimita 75. Tofauti iko kwenye mwendo wa pistoni kupanda na kushuka. Lakini anayezijua Toyota akisoma chasisi inayoanza na NCP60 anajua gari hiyo ilitoka kiwandani na injini ya 1300, maana IST ya 1500 ya toleo hilo la kwanza huanza na NCP61, au NCP65 ikiwa inavuta magurudumu yote manne. Akiikuta 1NZ ndani ya NCP60 atakuuliza, na ana haki ya kuuliza. Jibu lako liwe mkononi, kwenye karatasi. Na aliyetoka petroli akaenda dizeli, kama wafanyavyo baadhi ya wenye Hiace, ajue kwamba na aina ya mafuta kwenye kadi lazima irekebishwe.

Sasa twende dukani. Usimlipe mtu kabla hujaiona namba kwa macho yako. Kwenye Toyota nyingi utaikuta ubavuni mwa bloku, karibu na pale inapoungana na giaboksi, nayo huanza na aina ya injini kisha tarakimu. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma, na injini iliyokaa uani ufukweni hufunikwa kutu na grisi mpaka ukadhani haina namba kabisa. Osha kwa petroli kidogo na burashi ya plastiki, kausha, kisha pitisha chaki nyeupe na ufute kwa kiganja. Chaki inabaki ndani ya michoro, namba inasomeka vizuri. Ukiona pamekwanguliwa, pamegongwa upya au pana ulehemu, iache injini hiyo hata ukipewa kwa bei ya mchele. Na mwambie fundi wako mapema kwamba hapo hapaguswi na grenda wala msasa. Mafundi wetu wanapenda usafi, na kwa nia njema kabisa anaweza kukufutia namba ukabaki kama mtu aliyenunua mali ya wizi.

Risiti nayo iwe risiti. Karatasi iliyoandikwa "injini moja" haisaidii kitu. Iandikwe namba kamili ya injini, aina yake, jina la muuzaji, jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe na muhuri. Kama injini imeingia kutoka Dubai au Japani, omba na nakala ya karatasi za forodha. Kama imetoka Dar kwa boti, tunza karatasi za mzigo. Kuna wauzaji watakaokukunjia uso. Nenda kwa mwingine. Tofauti ya bei utakayoilipa ni ndogo kuliko usumbufu utakaouepuka.

Gereji, kuna saa moja ya thamani kubwa: wakati injini mpya inaning'inia kwenye mnyororo na bado haijashushwa. Piga picha ya namba kwa karibu, kisha nyingine ya mbali kidogo ili injini na gari vionekane pamoja. Weka karatasi nyembamba juu ya namba na upitishe penseli iliyolala mpaka tarakimu zijichore. Fanya hivyo hivyo kwa injini inayotoka. Zikishafungwa waya, mipira na mabomba, kuiona namba tena ni kazi ya kioo na tochi. Mwombe na fundi barua fupi: ametoa injini gani, ameweka ipi, kwenye chasisi gani, tarehe gani.

Usajili wa vyombo vya moto kwetu uko chini ya Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, ambayo wengi bado tunaiita ZRB kwa jina lake la zamani. Mimi nilianza kwa kwenda dirishani mikono mitupu kuuliza, nikaandika nilichoambiwa, na ninashauri kila mtu afanye hivyo kabla hajanunua injini. Niliambatanisha barua ya maombi, kadi halisi, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, risiti, barua ya fundi na picha zangu. Gari ilikaguliwa, na mkaguzi alifungua boneti akalinganisha namba na ile karatasi ya penseli, tarakimu kwa tarakimu. Kazi yake ikawa nyepesi na yangu pia. Kama gari bado ina jina la mtu aliyekuuzia, maliza kwanza umiliki, maana atakayeomba mabadiliko ni mwenye jina. Malipo pitisha kwenye namba ya malipo utakayopewa, usimkabidhi mtu pesa mkononi, na usimtume kishoka.

Kadi mpya isome hapo hapo. Sifuri na herufi O, moja na I, nane na B hubadilishana kwa urahisi sana. Kosa likigunduliwa ukiwa bado dirishani hurekebishwa. Likigunduliwa mwaka wa tatu linakuwa kesi. Ukitoka, pitia kwenye kampuni ya bima nayo ibadilishe, khasa kama una bima kubwa. Jirani yangu mmoja aligongwa, kosa halikuwa lake, lakini malipo yake yalikwama muda mrefu kwa sababu fomu ya bima ilikuwa na injini moja na gari ina nyingine. Yule bwana hakudhulumu mtu, ila hakuwa na hata picha moja ya kumtetea.

Imebaki ile injini ya zamani. Usiiuze kienyeji. Muandikie mnunuzi risiti yenye namba, mpe nakala ya kadi yako mpya inayoonesha kwamba injini ile haimo tena kwenye gari yako, na wewe bakia na nakala yenye sahihi yake. Naye atakwenda kuifunga kwenye gari ya mtu, na mtu huyo atahitaji karatasi hizo hizo ulizozihangaikia wewe.