Ukiniita Shuleni Kwako, Nitumie Ratiba

Juzi mkuu wa shule mmoja wa Makete ameniandikia: "Mwalimu, walimu wangu mtaala mpya wanaufungua na kuufunga. Njoo utupe semina." Nikacheka peke yangu. Semina!

Mwaka jana niliombwa na shule moja huku Rungwe nikawasaidie. Nikajiandaa haswa: slaidi 52, kuanzia Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, elimu ya lazima ya miaka 10, mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, ulioanza Januari 2024. Nilivaa ile suti ya harusi ya mdogo wangu. Saa tano umeme ukakatika. Nikaendelea kwa mdomo, mvua ya Tukuyu ikaanza kupiga bati, nikawa napiga kelele kama mnadani. Ndipo madam mmoja wa Jiografia, aliyebebeshwa Elimu ya Biashara kwa kuwa mwalimu wa biashara hakuna, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hayo tumeyasikia. Jumatatu kipindi cha kwanza naingia na nini?"

Nikasema tutalifikia. Hatukulifikia. Baadaye nikasikia nimesemwa kwamba nilipoteza muda wa watu. Bado linaniuma, na posho yenyewe sijaiona mpaka leo.

Nilirudi bila kompyuta. Tukakaa na madam pembeni ya ofisi ya walimu, tukafungua muhtasari wa somo, tukachagua umahiri mmoja tu. Nikamuuliza wazazi hapa wanauza nini. Viazi. Wanauzaje? Akanitazama kama mgeni: lumbesa, wanauzaje kwingine?

Basi Jumatatu lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kipimo, ikaingia darasani. Watoto walijaza gunia na kulisukia kilemba juu, halafu wakalipima ndoo kwa ndoo kwa mizani ya kuning'iniza tuliyoazima kwa wakulima wa chai. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Lao lilifika 134. Madam akauliza, mnunuzi kalipa gunia moja, hizi 34 ni za nani? Kijana wa nyuma, ambaye tangu aripoti alikuwa hajafungua kinywa, akajibu: "Ndiyo viatu vyangu hivyo, madam." Alisema kwa Kiswahili katika somo linalofundishwa kwa Kiingereza, na hakuna aliyemkatisha. Gharama, faida na hasara viliandikwa ubaoni kwa hesabu za nyumbani kwao.

Kwa hiyo ndugu zangu wakuu wa shule, maafisa, na ninyi wafadhili wenye moyo: anzeni na kipindi cha Jumatatu. Sera mwalimu atajisomea. Mpeni saa moja ya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, kila wiki, ya kweli, isiwe ya kusaini mahudhurio. Kama mtandao unasumbua, mtu mmoja ashuke mjini apakue vitabu kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), aviweke kwenye flashi, viwafikie wote. Na mkae darasani nyuma, kimya, muone. Mnapenda mno kuongea! Mwalimu haogopi mtaala, anaogopa kuaibika mbele ya watoto, nasi tunamwongezea aibu kwa kumhutubia. Tuache. Anzeni na Jumatatu, nasema tena.

Mkuu wa Makete nimemjibu asiandae ukumbi, anitumie ratiba ya vipindi. Imefika jana usiku. Jumatatu kipindi cha kwanza, Kidato cha Kwanza B, Elimu ya Biashara, na kwenye nafasi ya mwalimu kuna kistari.