Likizo haikunisaidia, daftari la kazi ndilo lililonionyesha tatizo

Ndugu, umeuliza inakuwaje umepumzika wiki mbili nzima bila kugusa kazi ya mteja yeyote, na bado uliporudi mezani ukajikuta umekauka vilevile, huna hamu ya kuchora. Hayo yalinikuta nami katika mwaka wangu wa saba wa kuishi kwa kuchora picha za vitabu vya watoto, na kwa maoni yangu jibu halimo katika idadi ya siku ulizopumzika.

Mimi nilishtuka kwa jambo dogo sana. Nilikuwa napaka anga kwa rangi za maji, kazi inayomtaka mtu aloweshe karatasi, aguse kwa brashi, kisha aiache rangi itambae yenyewe. Zamani nilikuwa nikiishika pumzi nikiitazama inavyotandaa. Siku hiyo niliitazama saa. Rangi ikakauka na kuacha mstari mgumu katikati ya anga, nami sikujali hata kidogo. Nikapaka wingu juu yake na kuituma picha kwa mteja, ambaye aliisifu.

Baadaye nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, linaieleza hali hii ya kuchoshwa na kazi (kwa Kiingereza, burnout) kuwa ni jambo litokanalo na kazi, si ugonjwa, na kwamba chanzo chake ni msongo wa muda mrefu wa kazini ambao haukudhibitiwa vizuri. Dalili zinazotajwa ni tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuichukia, na kupungua kwa ufanisi. Mimi ilianza ile ya pili, na kwa kuwa bado nilikuwa na nguvu za kukesha, sikudhani kwamba nimechoka. Maelezo hayo yalinifanya nielewe pia kwa nini likizo yangu, ambayo kusema kweli niliitumia kulala chali nikitazama kazi za wachoraji wengine kwenye simu, haikubadilisha lolote: nilirudi kwenye mpangilio uleule ulionichosha.

Ndipo nilipofungua daftari langu la kazi na kuhesabu. Katika miezi 14 sikuwa nimechora picha hata moja isiyokuwa na mteja. Picha moja ya jalada ilikuwa imerudishwa mara 11, kila mara kwa maneno yaleyale ya "badilisha kidogo tu", na malipo hayakuongezeka. Tangu hapo makubaliano yangu yanaruhusu marekebisho mawili, moja katika hatua ya penseli na moja baada ya rangi, na la tatu hulipiwa. Mteja mmoja aliondoka kwa sababu hiyo. Wengine walikubali bila hata kuuliza, jambo lililoniudhi kuliko yule aliyeondoka, maana nilikuwa nimeteseka miaka yote kwa kuogopa kusema.

Badiliko la pili, la kuchora bila mteja, lilichukua muda zaidi. Kila asubuhi, kabla ya kusoma ujumbe wowote, nilichora birika moja, lilelile, kwa wino na kijiti kilichochongwa, kwenye karatasi duni ambazo nisingethubutu kumpa mteja. Kijiti hakitii mkono kama brashi: hutoa tone pale usipotaka, kisha hukauka katikati ya mstari. Wiki ya tatu niligundua kwamba kivuli kilicho chini ya mdomo wa birika si cheusi kitupu, bali kina mwanga hafifu unaorudi kutoka mezani. Nilicheka peke yangu. Kisha nikafanya kosa: nilimwonyesha mtu mchoro huo, akaniuliza bei, na kesho yake nikajikuta nachora kwa uangalifu, kama vile amesimama nyuma yangu. Sasa michoro hiyo huingia kwenye boksi na hakuna anayeiona.

Kubadili chombo si jambo geni katika fani yetu. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse, baada ya upasuaji mkubwa mwaka 1941 uliomdhoofisha asiweze kusimama sana mbele ya turubai, aligeukia mkasi na karatasi zilizopakwa rangi, na humo akapata kazi ya miaka yake ya mwisho. Sisemi usubiri kisu cha daktari. Lakini kama kukosa usingizi na kukata tamaa vinakufuata hata nje ya kazi, mwone daktari, kwa kuwa huenda ni sonona, na birika haliitibu.

Najua kodi haingoji, kwa hiyo sikushauri uache kazi za kulipwa. Anza na iliyopo mezani sasa: mwandikie mteja leo kuhusu idadi ya marekebisho, kabla hajakutumia orodha yake nyingine.