Kabla ya Kuhamia Nairobi, Chagua Mtaa na Njia ya Kazini

Tangu nilipotoka Tanga kuja kufanya kazi ya uhariri wa vitabu Nairobi, swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na vijana wa nyumbani, na wakati mwingine na wazazi wao, ni kama Nairobi inakalika. Wengi wanaouliza tayari wana ahadi ya kazi au nafasi ya chuo, na muda wa kujibu barua waliyopewa ni mfupi, kwa hiyo wanataka niseme ndiyo au hapana. Jibu la namna hiyo siwezi kulitoa kwa dhamiri safi. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu zaidi ya milioni 4.3 katika kaunti ya Nairobi, na hakuna hata mmoja wao anayeishi Nairobi yote. Mtu anaishi Umoja, au Pangani, au South B. Anapita barabara fulani saa fulani. Anajulikana na watu fulani na hajulikani na wengine. Usalama wake, pamoja na furaha yake, hutegemea hayo kuliko unavyotegemea sifa ya mji mzima.

Sisemi kwamba sifa mbaya ya Nairobi imezushwa. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani liliua zaidi ya watu 200 katikati ya mji. Mwaka 2013 likaja shambulio la Westgate, na Januari 2019 likaja lile la hoteli ya barabara ya Riverside. Wakazi wa siku nyingi wanakumbuka pia miaka ambayo kuporwa gari kwa mtutu wa bunduki kulikuwa habari ya kila wiki. Mzazi anayemkataza mwanawe asije ana sababu za kuogopa, na si vizuri kumjibu kwa dharau. Hata hivyo, matukio hayo makubwa ndiyo yanayofika Tanga na Arusha kwa redio na simu, ilhali yanayompata mgeni wa kawaida ni madogo na yana mahali pake na saa zake: simu kunyakuliwa kupitia dirisha la matatu iliyosimama kwenye foleni, pochi kuchomolewa kwenye soko na steji ya Muthurwa, fedha kuchukuliwa na dalali wa nyumba asiyekuwa na nyumba. Kwa kuwa yana mahali na saa, mtu anaweza kuyapangia.

Namna mji ulivyojengwa inaeleza mengi. Barabara kuu za Nairobi, yaani Thika Road, Jogoo Road, Waiyaki Way, Ngong Road na Lang'ata Road, zinaelekea katikati ya mji, na matatu nyingi huanzia na kuishia huko. Anayeishi Rongai na kufanya kazi Ruaraka analazimika, asubuhi na jioni, kushuka katikati ya mji, kutembea kutoka steji moja hadi nyingine kati ya watu wenye haraka na mizigo, na kupanda gari la pili. Sehemu zinazotajwa sana kwa wizi, kama mzunguko wa Globe, River Road na pembezoni mwa Muthurwa, ziko karibu kabisa na steji hizo, kwa sababu mwizi huenda walipo abiria waliochoka wasiojua gari lao linasimama wapi. Mvua ikinyesha saa za kutoka kazini, nauli hupanda, magari hupungua, na anayebadilisha gari hujikuta bado yuko mjini giza likiwa limeshaingia. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwuliza kila anayeniandikia ni anuani ya kazi yake na saa ya kutoka. Akipata nyumba ambayo gari moja linamtoa mlangoni mwa kazi hadi steji ya nyumbani, au akaweza kutembea kwa miguu mchana, sehemu kubwa ya Nairobi anayoiogopa inabaki nje ya maisha yake. Mimi nilichagua South B kwa sababu hiyo, kwa kuwa ofisi yetu iko Industrial Area, na nililipa kodi ya juu kidogo kuliko ya mitaa ya mbali nikijua kwamba tofauti hiyo ningeilipa vinginevyo kwa nauli na kwa hofu.

Ukishajua upande unaokufaa, nenda ukautazame mwenyewe mchana, kisha urudi saa mbili usiku siku ya kazi. Tazama kama wanawake wanatembea peke yao, kama vibanda bado viko wazi, kama taa za barabarani zinawaka. Ongea na mama anayeuza mboga, vijana wa bodaboda walioko steji na mlinzi wa geti, na uwaulize maswali yanayojibika. Ukiuliza kama mtaa ni salama utaambiwa ni salama, maana kila mtu husifu kwao. Lakini ukiuliza ni kichochoro kipi ambacho wao wenyewe hawakipiti usiku, watakuonyesha kwa kidole. Uliza pia maji huja siku zipi. Maji mengi ya Nairobi yanatoka bwawa la Ndakaini, mbali na mji, nayo hugawiwa kwa zamu, kwa hiyo yapo majengo yenye matangi ya kutosha na yapo mengine ambayo wapangaji hununua maji ya mitungi wiki nzima. Maji ya visima vya baadhi ya maeneo yana chumvi, au floridi nyingi inayoharibu meno ya watoto. Kisha uliza mto uko umbali gani. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilifurika Mathare na Mukuru, zikaua watu na kubomoa nyumba, na baadaye serikali ikabomoa nyumba nyingine nyingi zilizokuwa kandokando ya mito. Chumba cha bei nafuu karibu na mto kina gharama ambayo haiandikwi kwenye tangazo.

Kuhusu malipo, Mtanzania atapata nafuu moja. Kwetu mwenye nyumba hudai kodi ya miezi mitatu, sita, hata mwaka, ilhali Nairobi kawaida ni kodi ya mwezi mmoja pamoja na amana, na mara nyingine amana ndogo ya maji na umeme. Nafuu hiyo ina maana kubwa kwa uamuzi wenyewe, kwa sababu mtu anaweza kuhama mtaa uliomshinda bila kupoteza akiba yake yote. Usilipe chochote ili uonyeshwe nyumba, usitume fedha kwa mtu ambaye hujakutana naye kwenye jengo lenyewe, na hakikisha kwa keateka, yaani msimamizi wa jengo, na kwa mpangaji mmoja kwamba namba unayoilipa ndiyo wanayoilipa wao.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wanaoniuliza hawaliulizi, nami naona ndilo kubwa zaidi, yaani mchanganyiko wa watu. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli kwenye ardhi ya malisho ya Wamaasai, na tangu hapo imejengwa na watu waliotoka kwingine: Wahindi waliokuja na reli na biashara, Wanubi waliopewa Kibera baada ya kutumikia jeshi la Mwingereza, Wakikuyu, Wakamba, Waluo na Waluhya waliofuata kazi, Wasomali walioigeuza Eastleigh kuwa soko linalowavuta wanunuzi kutoka nchi jirani, hasa baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991. Sisi pia tumo humo tangu zamani. Pumwani ya miaka ya 1920 ilikuwa na Waislamu waliotoka Tanganyika na hata Kongo, na jina la Kariokor linawakumbusha wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, ambao wengi wao waliteseka na kufa katika ardhi yetu. Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, wakapita Arusha na Mombasa, na katika miaka ya 1970 wakaifanya Nairobi kuwa nyumbani kwa bendi yao ya Simba Wanyika. Mtanzania anayekuja leo haji kuwa wa kwanza, na nafarijika kila ninapolikumbuka hilo.

Mchanganyiko huu ndio ulinzi wangu mkubwa. Katika jengo letu, jirani wa mlango wa pili ni Mluhya, ghorofa ya chini wapo Wasomali, na mwenye duka la jumla anatoka Meru. Niliposhikwa na homa kali usiku mmoja, jirani huyo wa Kiluhya alinipeleka hospitali, na mama wa Kisomali akabaki na ufunguo wa nyumba yangu na kunipelekea uji asubuhi. Hawakunijua kwa bahati. Nilikuwa nimekwenda kujitambulisha kwa kila mlango, nikajiunga na chama, yaani kikundi cha kuchangiana cha akina mama wa jengo, na ninanunua mboga kwa mtu yuleyule kila siku. Wapo wanaodhani kwamba mwenye fedha hupata usalama kwa kupanga nyumba nyuma ya ukuta mrefu na nyaya za umeme. Ukuta unasaidia, sikatai, lakini mgeni asiyejulikana na mtu nyuma ya ukuta huo akianguka bafuni atagunduliwa Jumatatu na ofisi yake.

Kuishi na watu mbalimbali kunadai pia adabu ambayo Mtanzania hana budi kujifunza. Kwetu kuulizana kabila huishia kwenye utani, Mdigo akamtania Mzigua na wote wakacheka. Nairobi jina la ukoo humfanya msikilizaji akisie chama chako cha siasa, na kumbukumbu za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo watu zaidi ya elfu moja waliuawa nchini, bado ziko hai kwa majirani waliofukuzwa Mathare na Kibera. Kwa hiyo katika miezi yako ya kwanza usitoe maoni kuhusu siasa za Kenya ndani ya matatu wala kwenye chama cha jengo, hata ukichokozwa. Sikiliza tu, utajifunza. Usisahihishe Kiswahili cha watu. Nasema haya nikiwa mhariri ambaye kusahihisha Kiswahili ndiyo kazi yake: anayekusemesha kwa Sheng, lugha ya mtaani ya Nairobi, anakukaribisha, na ukimrekebisha utakuwa umeikataa karibu yake.

Kalenda nayo iangaliwe. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027, na kabla ya kila uchaguzi familia nyingi husafiri kwenda mashambani kwao, biashara hupungua na waajiri husitasita. Kama una hiari, usihamie katika miezi mitatu inayozunguka tarehe hiyo. Maandamano ya vijana ya Juni 2024, yaliyofika hadi ndani ya Bunge tarehe 25, yalionyesha kwamba katikati ya mji panaweza kufungwa mchana mmoja. Mwulize mwajiri siku kama hizo wafanyakazi hufanyaje, na kama atasema waje tu, lifikirie jibu hilo vizuri.

Jambo la karatasi nitalisema kwa ukali kidogo. Kupita Namanga na pasi iliyogongwa muhuri kunakupa haki ya kutembea, lakini kufanya kazi kunahitaji kibali, na mgeni anayekaa zaidi ya siku 90 anatakiwa kujiandikisha na kupata kadi yake. Msako wa Aprili 2014, uliowakusanya maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na kuwafikisha baadhi yao kwenye uwanja wa Kasarani, uliwafundisha wakazi wote wa asili ya kigeni kwamba siku mji unapotikiswa, askari huanza na kitambulisho. Usikubali ahadi ya mwajiri kwamba kibali kitashughulikiwa ukishafika. Aanze maombi wewe ukiwa bado nyumbani, na akutumie nakala ya risiti.

Wapo ninaowashauri wasije, angalau kwa sasa. Aliyeahidiwa kazi ya hoteli au baa inayokwisha saa sita usiku bila gari la wafanyakazi, asije mpaka gari liandikwe kwenye mkataba. Mama mwenye mtoto mchanga asiyemjua hata mtu mmoja wa kumwachia, angoje mpaka ampate. Na anayekuja bila akiba ya kodi ya miezi mitatu na nauli ya kurudi, hata kama ana moyo mkubwa, atalazimika kukubali chumba chochote na kazi yoyote, na hapo ndipo mji huu humgeukia mtu. Mwenye kazi ya mchana, karatasi kamili, akiba hiyo na walau jamaa mmoja au msikiti au kanisa la kumpokea, namwambia aje, naye nitamsaidia kutafuta nyumba.

Kama bado una shaka, omba kukaa kwa jamaa au panga chumba kwa mwezi mmoja bila kununua kitanda wala jiko. Katika mwezi huo fanya safari ya kazini kila asubuhi na kila jioni kwa gari ambalo ungelitumia kila siku, pamoja na jioni za mvua, andika saa uliyotoka na saa uliyofika, na uhesabu ni watu wangapi wa mtaa wanakusalimu kwa jina ifikapo wiki ya nne. Ndipo umwite keateka mzungumze habari ya amana.