Eddy au Paul? Badilishaneni padi kwanza, ndio mje tubishane

Kuna ubishi mmoja hauishi hapa Busia upande wetu wa Uganda, nao ni wa Tekken, ile gemu ya kupigana watu wawili, kila mmoja anachagua mhusika wake na kumwendesha kwa padi, yaani kile kidude cha mkononi chenye vitufe. Nani mkali kati ya Eddy na Paul, nani mkali kati ya Jin na Hwoarang, na je King ni mkali au watu tu hawajui kujitoa kwenye mikono yake. Mimi namsaidia jamaa yangu kushika sehemu yake ya gemu, tuna PS4 na tuna ile PlayStation ya zamani yenye Tekken 3 ambayo wazee wamekataa katakata isitolewe, na wateja wetu ni mchanganyiko, vijana wa hapa, wabeba mizigo, madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao zitoke pale mpakani, kuna wa kutoka Mombasa, kuna Wakongo, kuna wa Kampala wanaojiona wao ndio wameleta gemu Uganda. Kila mtu anakuja na orodha yake ya wakali na wote wanabishana kwa Kiswahili maana ndio lugha pekee ya kumtosha kila mtu hapo. Kwa hiyo nimesikiliza sana na nimeamua niandike, ubishi wenyewe ni mtamu sitaki ufe, ila banange tubishane kwa akili.

Kitu cha kwanza kabisa, muulize mwenzako anaongelea ukali gani. Maana utakuta mmoja anaongelea hadithi ya gemu na mwingine anaongelea padi, wanapigiana kelele nusu saa na wote wako sawa. Mtu wa Paul atakwambia Paul ndiye aliyempiga Ogre, yule adui wa mwisho, kwenye Tekken 3, na ni kweli kwa hadithi, Paul alimpiga Ogre akaondoka zake anajua amemaliza kazi, hakujua yule jamaa anageuka dude kubwa zaidi, akaja Jin ndio akammaliza. Sawa. Lakini hiyo inakusaidia nini wewe umeshika Paul na damu, yaani ule mstari wa uhai juu ya skrini, imebaki kidogo na Eddy amelala chini anakuzungushia miguu? Hakuna. Hivyo hivyo Hwoarang na Jin, hadithi inasema walipigana wakatoka sare na ndio maana Hwoarang akaweka kinyongo, lakini kwenye gemu hakuna sheria kwamba lazima mtoke sare. Hadithi ni ya kupigia stori wakati umeme umekata, tukirudi kwenye skrini tuongelee mapigo.

Halafu ni Tekken ipi? Hili watu wanalipuuza mno. Tekken 3 ilitoka 1997 kwenye zile mashine za kuingiza sarafu, 1998 ikaja PlayStation. Tekken 7 sisi wa majumbani tumeipata 2017, Tekken 8 ikaja Januari 2024. Hapo katikati hawa watu wamebadilishwa mpaka basi. Jin wa Tekken 3 anapiga mapigo ya ukoo wa Mishima, yaani ya familia yake, yule wa kuanzia Tekken 4 ya 2001 akapewa karate nyingine kabisa, sasa mzee mmoja anasema Jin ni mkali akimaanisha yule wa zamani, kijana anamjibu akimaanisha huyu wa sasa, wanabishana juu ya watu wawili tofauti wenye jina moja. Paul naye ile ngumi yake kubwa kwenye Tekken 3 inakula kipande kikubwa cha damu na wengi hawana jibu nayo, kwenye Tekken 7 bado inauma lakini ukiibloku vizuri jamaa anabaki wazi mbele yako unamchapa utakavyo. Kwa hiyo mtu akisema tu "Paul noma", mrudishe, Paul wa wapi ssebo?

Na hata ndani ya Tekken moja mtu anabadilika kwa apdeti. Mfano mzuri ni Leroy, yule mzee wa Marekani mwenye rasta. Aliingia Tekken 7 Desemba 2019, na mwezi uliofuata tu kwenye EVO Japani ya 2020, yale mashindano makubwa ya gemu za kupigana, watu sita kati ya nane wa mwisho walikuwa wameshika Leroy, na aliyechukua kombe, Book wa Thailand, naye alikuwa na Leroy. Hapo hata mimi mbishi sina la kusema, watu sita kati ya nane sio mikono tena, huyo ni mhusika kazidi. Baadaye wenye gemu wakampunguza makali. Sasa kuna jamaa mpaka leo anakuja anasema Leroy hapigiki, kumbe anaongelea Leroy wa miezi ile na hajui ameshapunguzwa. Angalia gemu yako imeshushiwa apdeti au bado, maana sehemu nyingi kama yetu hatushushi kila wakati, MB ni hela.

Sasa tuje kwa Eddy maana najua ndiye mliyemfuatia hapa.

Eddy Gordo, Mbrazili wa kapoera, alianza Tekken 3, na kila sehemu ya gemu Afrika Mashariki nadhani ina mtoto mmoja anayemshika Eddy anabonyeza ovyo vitufe vya mateke anawala watu wazima mpaka wanatoa padi kwa hasira. Ndio maana Eddy wanamwita mwizi. Lakini tuangalie kinachotokea. Kwenye Tekken pigo ni la juu, la kati au la chini. La juu ukichuchumaa linapita. La kati linampata aliyechuchumaa. La chini lazima uchuchumae ndio ulibloku. Basi, huo ndio mchezo mzima, nyingine ni mapambo. Eddy ana mateke mengi yanayobadilika badilika kati na chini, tena mwili wake unazunguka, unasimama kwa mikono, unalala, kwa hiyo jicho lako halisomi linakuja lipi. Mgeni anachuchumaa muda wote analiwa na la kati, akisimama analiwa la chini, na akijaribu kujibu anapiga ngumi za juu ambazo zinapita hewani kwa sababu Eddy mwenyewe yuko chini kalala. Halafu anasema mwizi.

Dawa yake: acha ngumi za juu kabisa akiwa amelala, tumia mapigo ya kati, kila mhusika anayo, na usiwe na haraka ya kujibu katikati ya mateke yake, subiri amalize, kila mnyororo una mwisho na mwisho wake mara nyingi anabaki hana la kufanya kwa muda mfupi. Huo muda mfupi ndio wako. Kuna kijana hapa alikuwa analia na Eddy kila siku, nikamwambia njoo asubuhi wakati hakuna watu, tukaingia kwenye praktisi, mimi nikashika Eddy nikawa narudia mateke yale yale mawili matatu yanayomsumbua, yeye kazi yake ni kutafuta tu wapi pa kuingilia. Alipopata, jioni yake yule mtoto wa Eddy alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Sasa Eddy alipungua ukali kati ya asubuhi na jioni? Hakupungua. Na hii ya praktisi nawashauri wote, ongea na mwenye sehemu, asubuhi hakuna wateja na mashine zimekaa bure, atakupunguzia bei. Kulipa mia tano kila gemu jioni halafu unapigwa na teke lile lile mwezi mzima, hiyo ni sadaka.

Kabla sijasahau, kuna watu wazima wawili wenye watoto walitaka kukunjana mashati hapa, mmoja anasema Tiger Jackson ni mkali kuliko Eddy. Tiger kwenye Tekken 3 ni Eddy kabadilisha nguo na nywele. Mapigo ni yale yale. Nilicheka mpaka nikatoka nje.

Kitu ambacho hakuna anayekiweka kwenye ubishi ni vyombo. TV nyingi hizi bapa zinachelewesha picha, unabonyeza na kinachotokea kwenye skrini kimeshachelewa kidogo, na Tekken inakwenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde moja, ngumi ya haraka ya wahusika wengi kwenye Tekken 7 inatoka ndani ya fremu 10, yaani moja ya sita ya sekunde. TV ikikuibia hata fremu tano sita tayari umeumia. Na nani anaumia zaidi? Yule anayetaka kuona pigo ndio ajibu. Anayebonyeza bila kuangalia haimhusu, yeye hajibu chochote. Kwa hiyo TV mbovu inampendelea mtu wa Eddy dhidi ya mtu wa Paul anayesubiri abloku ndio aadhibu. Ingia kwenye settings za TV utafute "game mode", ziko nyingi zinayo na watu hawajawahi kuigusa, sisi tulipoiwasha hata watu wenyewe walisema gemu imekuwa nyepesi. Ile TV ya kichogo tuliyofunga Tekken 3 haina huo ugonjwa, na labda ndio sababu wazee wanashinda zaidi pale na hawataki kuhamia kwingine, wao wanasema ni heshima ya gemu ya zamani haya bwana.

Padi pia. King kwenye Tekken 7 akikukamata kuna mikamato unajitoa kwa kitufe cha mkono wa kushoto, mingine wa kulia, mingine yote miwili kwa pamoja, inabidi uone mkono wake unakujaje. Sasa padi yako pembetatu, yaani kitufe cha mkono wa kulia, imelegea haishiki mpaka uibonyeze kwa hasira, utajitoaje? Hapo King atakuwa mungu. Nimeona mtu anasema King apigwe marufuku, nikampa padi ya upande wa pili, akanyamaza. Kabla ya mechi yoyote ya kubishania jaribuni vitufe vyote, na aliyeshinda asikatalie padi nzima.

Haya, mmeshakubaliana ni Tekken ipi, TV iko sawa, padi ziko sawa, bado mnabishana. Hapo mimi nina kanuni moja na hapa kwetu imekuwa kama sheria: cheza wa kwanza kufika tano, wewe na Eddy wako mimi na Paul wangu, halafu tunabadilishana, mimi nashika Eddy wewe Paul, tano tena. Kama mtu yule yule ameshinda pande zote mbili basi nyamazeni, mlikuwa mnabishania mikono sio wahusika. Kama Eddy ameshinda kwa mikono yako na kwa mikono yangu, sasa hapo kuna la kuongea. Mara nyingi sana inakuwa mtu yule yule. Raundi moja moja haihesabiki, raundi moja hata bibi yangu anaweza kukupiga. Tatizo ni kwamba anayesema mhusika wa mwenzake ni mwizi akipewa amshike huyo huyo mwizi anakataa, anasema simjui huyu. Kumbe huyo mwizi anahitaji kujuliwa?

Na ukijiona umemaliza mtaa usianze kutoa orodha ya dunia nzima. Mpaka mwanzoni mwa 2019 ukiuliza nchi kali za Tekken utaambiwa Korea na Japani, basi. Akatokea Arslan Ash wa Lahore, Pakistani, akachukua EVO Japani mwaka huo ameshika mhusika anayeitwa Kazumi, na Agosti akachukua EVO ya Las Vegas, na akawaambia watu waziwazi kwamba kwao kuna wengine wengi wanampa kazi. Watu walikuwa wamejaa kwenye vyumba vya gemu huko wanachapana wao kwa wao na hakuna aliyekuwa anawahesabu. Dereva mmoja kutoka Mombasa alitufanyia hivyo hapa, alishika Xiaoyu ambaye sisi tulikuwa tunamwona wa watoto wa kike, akala foleni nzima, akalipa soda yake akarudi kwenye lori.

Mambo ya kuwekeana hela mimi siyapendi, ubishi wenye hela hauna masikio, wekeaneni soda au rolex, ile chapati ya mayai, inatosha.

Sasa mtaniuliza na wewe unasemaje, Eddy au Paul. Nasema Tekken 3, TV ya kichogo, watu wawili wote wanajua wanachofanya, nampa Paul, kwa sababu Eddy anahitaji kukugusa mara nyingi na kila mguso ni nafasi yako ya kumsoma, Paul anahitaji makosa yako mawili matatu tu. Kwa watu wanaoanza, Eddy, tena mbali sana. Kwenye Jin na Hwoarang sijaamua, kila nikiamua anakuja mtu wa Hwoarang ananitandika mateke ya kubadilisha miguu. Na Gon yule mjusi mdogo, ngumi za juu zote zinampita kichwani kwa ufupi wake, huyo kwetu haruhusiwi, hamna kubishana.