Raki Yenyewe Ndiyo Kasha: Kujenga Kompyuta Ndani ya Raki ya Vyombo vya Sauti

Anayetaka kuiweka kompyuta yake ndani ya raki huanza kwa kutafuta kasha maalumu la kununua. Yapo, na mengine ni mazuri sana, lakini hapa Dar es Salaam mara nyingi utaambiwa hadi liagizwe, nawe utalipia usafiri wa sanduku kubwa la bati tupu. Wengine huchukua kasha la kawaida la mezani, wakalilaza na kulichomelea masikio, yaani vibamba vya pembeni vya kulifungia kwenye nguzo za raki. Mimi nakushauri uache kabisa kutengeneza sanduku ndani ya sanduku. Raki ina nguzo, kuta na mlango tayari. Kilichobaki ni sinia la kubebea ubao mama (ubao mkuu wa kompyuta unaobeba prosesa na RAM), bamba la mbele, na njia ya hewa. Nguvu zako zote zipeleke kwenye vipimo na hewa, maana hapo ndipo kazi hii inapofaulu au kufeli.

Nazungumzia raki ninayoitumia kurekodia kwaya na semina: ya yuniti 10 (yuniti ni kipimo cha kimo cha vifaa vya raki), ina magurudumu, na husafiri nyuma ya pikapu. Ndani mna UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), amplifaya, risiva za maikrofoni zisizo na waya, kadi ya sauti ya nje, na kompyuta niliyoijenga kwenye sinia la alumini. Kama yako ni kabati la mtandao la ukutani, mengi yatakufaa vilevile, isipokuwa suala la kina, ambalo nitaligusa.

Anza na futi ya kupimia, ikiwezekana na venia, kile kipimo kinachosoma hadi sehemu ndogo za milimita. Inchi 19 inayotajwa kila mahali ni upana wa bamba la mbele pamoja na masikio yake, yaani milimita 482.6. Nafasi ya kupitisha kitu katikati ya nguzo ni kama milimita 450 tu. Pima juu, katikati na chini, kwa sababu raki iliyochomelewa mtaani inaweza kubana sehemu moja na kupanuka nyingine, na sinia lako litafuata pale palipobana. Mimi hukata sinia kwa upana wa milimita 440 ili pabaki nafasi ya vichwa vya bolti na ya kulivuta bila kukwaruza.

Kwa urefu wa kwenda juu, yuniti moja ni milimita 44.45, kwa hiyo yuniti 3 ni milimita 133.35. Bamba lenyewe likate pungufu kidogo, milimita 132.5, la sivyo litagombana na la jirani. Matundu ya nguzo ndiyo huwatatiza mafundi wengi. Ndani ya kila yuniti mna matundu matatu, na ukidhani umbali wake ni sawa utagawa 44.45 kwa tatu na kupata 14.8, kisha hakuna bolti itakayoingia. Umbali halisi ni 15.875, tena 15.875, halafu 12.7 kuvuka kwenda yuniti inayofuata. Usimwachie fundi karatasi yenye namba peke yake. Mpelekee bamba la kifaa halisi, mpya au chakavu, achore matundu kwa kulifuata.

Sasa ubao mama. Wengi wana ubao wa ATX, yaani wa kipimo cha kawaida cha kompyuta za mezani, wenye milimita 305 kwa 244, na ule upande wa 305 ndio wenye matundu ya waya. Pawa saplai ya kawaida ina upana wa milimita 150. Ziweke ubavu kwa ubavu: 305 na 150 ni 455. Umezidi nafasi ya raki kwa milimita tano, hata kabla ya kuhesabu unene wa sinia na nafasi ya waya. Njia mojawapo ni kuisimamisha pawa saplai kwa ubavu ili upana wake uwe milimita 86, lakini hapo itakuwa na kimo cha 150 na utalazimika kwenda yuniti 4. Nyingine ni kuiweka mbele au nyuma ya ubao, kama raki yako ina kina cha kutosha. Mimi nilichagua ubao wa micro-ATX, mraba wa milimita 244, na pawa saplai ikalala vizuri pembeni ndani ya yuniti 3. Kwa kazi ya kurekodi sauti, isiyohitaji kadi kubwa ya michoro, sioni sababu ya kupoteza yuniti ya nne.

Yuniti 3 zina faida nyingine ninayoipenda sana: feni ya milimita 120 inaingia kwenye bamba la mbele. Feni kubwa huzunguka polepole na kusukuma hewa ile ile kwa kelele ndogo. Ukijibana kwenye yuniti 1 utaishia na vifeni vya milimita 40 vinavyolia kama mbu sikioni, na chumba cha kurekodia hakivumilii sauti hiyo. Angalia tu kimo cha chuma cha kupoza prosesa. Ukitoa unene wa sinia, vijiguu vinavyouinua ubao juu ya sinia (kama milimita 6.5), ubao wenyewe na prosesa, hubaki kama milimita 115, nami nisingeweka chochote kinachozidi 100. Vipoza vile virefu vya mnara, vya milimita 155 na kuendelea, visahau hapa.

Kabla hujatoboa chochote, amua uso wa ubao wenye matundu ya waya utazame wapi. Kwenye kabati la ukutani nyuma ni ukuta, kwa hiyo hakuna mjadala, matundu yatazame mbele, na nguzo zisogezwe ndani ili plagi zisigongane na kioo cha mlango. Kwenye raki ya magurudumu iliyo wazi pande zote mbili, nyuma ni bora, halafu unapeleka mbele USB mbili tu kwa waya wa kurefusha.

Kwa malighafi, nenda kwa mafundi wa madirisha ya alumini. Wana vipande vilivyobaki, wana engo (vyuma vyenye umbo la L) za milimita 25 kwa 25, na wana mashine inayokata kwa unyoofu ambao grinda yako haitaufikia. Bati la alumini la milimita 2 linatosha kwa sinia, likikazwa kwa engo pande mbili zinazotoka mbele kwenda nyuma. Pwani hii, chumvi ya hewani hula bati jeusi upesi, ndiyo maana napendelea alumini. Plaiwudi hubeba ubao vizuri, lakini huvimba kwa unyevu, na haina msaada wowote kwenye suala la ethi, yaani njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini.

Matundu ya vijiguu usiyapimie kwa rula. Laza ubao mama juu ya kadibodi, weka alama kupitia matundu yake yenyewe, toboa kadibodi, halafu hamishia alama kwenye alumini kwa sindano ya kuchorea. Toboa sinia likiwa mbali kabisa na ubao, kisha lisafishe kwa brashi na blowa. Sumaku haitakusaidia, kwa kuwa unga wa alumini haushikwi na sumaku, na chembe moja chini ya ubao inatosha kuunguza kitu. Hesabu pia vijiguu vyako: kimoja kilichobaki mahali pasipo na tundu la ubao kinaweza kugusa njia za umeme zilizo chini yake.

Hewa ndiyo inayowashinda wengi wanaojenga sinia wazi. Ndani ya kasha la kawaida, hewa hubanwa na kuta ikapita juu ya prosesa. Kwenye sinia hutawanyika na kufuata njia rahisi, ambayo mara nyingi haipiti kwenye joto. Tengeneza kuta mbili nyembamba za plastiki ngumu au alumini kutoka feni ya mbele hadi kwenye kipoza, hewa ielekezwe pale. Halafu ziba kwa mabamba matupu kila yuniti iliyo wazi upande wa mbele. Watu huyaona mabamba hayo kama mapambo. Bila hayo, hewa ya moto iliyotoka nyuma huzunguka ndani ya raki, ikarudi mbele kupitia uwazi, na feni ikaivuta tena. Kazi hiyo ndogo ya kuziba ilinipunguzia joto kuliko kuongeza feni. Mbele ya feni weka wavu mwembamba wa nailoni unaotoka na kuoshwa, na hewa inayoingia izidi inayotolewa na feni, ili vumbi lisinyonywe kupitia kila mwanya.

Mpangilio wa vifaa nao ni sehemu ya hewa. UPS ikae chini kabisa, kwa uzito wake na kwa sababu betri za risasi huchoka mapema zikikaa kwenye joto. Kompyuta ifuate juu yake, na amplifaya ikae juu ya kompyuta, kwa kuwa joto lake litapanda na kutoka.

Kwenye umeme naomba uwe mkali na nafsi yako. Pawa saplai isifunguliwe kwa sababu yoyote, kwa kuwa ndani yake mna chaji hata baada ya kuchomoa waya. Kasha la kiwandani hukupa ethi bila wewe kujua. Kwenye sinia lako ni wajibu wako. Bolti za pawa saplai zishike chuma cha sinia moja kwa moja, na sinia lishike nguzo ya raki. Rangi huzuia umeme, kwa hiyo kwangua rangi mahali bolti inapokaza na uweke washa yenye meno. Kisha, waya ukiwa umechomolewa ukutani, weka mita kati ya pini ndefu ya plagi, ambayo ndiyo ya ethi, na chuma cha raki. Isome chini ya omu 1. Ikisoma zaidi, tafuta palipolegea kabla hujawasha.

Utakapounganisha kompyuta na mikisa unaweza kusikia mngurumo. Kuna ushauri unaozunguka kwamba ukate pini ya ethi, na kweli mngurumo huisha, ila umeondoa kinachokulinda wewe na mwimbaji aliyeshika maikrofoni. Chomeka vifaa vyote kwenye chanzo kimoja cha umeme, tumia waya za sauti zilizosawazishwa (balanced), na kama bado kuna kelele, nunua boksi la transfoma ya kutenganisha njia ya sauti.

Hapa pia nakiri kwamba sinia wazi lina mpaka wake. Ubao mama hutoa kelele za redio, na risiva za maikrofoni zikikaa jirani zinaweza kuzipokea. Kama unazo, funika sinia kwa kifuniko cha bati chenye matundu madogo, kilichokazwa kwenye engo, na antena zitoke nje ya raki.

Mengine ni mepesi. Tumia SSD badala ya diski inayozunguka, kwa kuwa mtikisiko wa barabara na wa spika za besi si rafiki wa diski. Kitufe cha kuwashia kinaweza kuwa kitufe cha kengele ya mlango, kwa sababu pini za kuwashia kwenye ubao zinahitaji kuguswa kwa sekunde moja tu, bila kujali upande upi ni chanya. Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya ubao mama, chagua kompyuta ijiwashe umeme unaporudi, usilazimike kuinama nyuma ya raki katikati ya ibada.

Ijaribu ikiwa imefungwa kila kitu, amplifaya ikifanya kazi, mchana wa jua kali, kwa saa nzima, huku programu ikiitesa prosesa. Ikikaa chini ya nyuzi 85 uko salama. Ikikaribia 95, rudi kwenye mabamba matupu na kuta za kuelekeza hewa kabla ya kununua feni nyingine. Na waya zote za nyuma ziachie ulegevu wa kutosha sinia kuvutwa nje hadi mwisho, ili kubadilisha RAM kusikulazimishe kuchomoa raki nzima.