Nimepita miaka 40, je, nimechelewa?

Swali: Assalaam alaykum, sheikh. Nina miaka 43, nauza mitumba soko la Memorial hapa Moshi. Wenzangu wameshajenga, mimi bado nimepanga Majengo na watoto watatu. Nilisikia kwenye mawaidha kuwa aliyefika 40 na mema yake hayajazidi maovu yake, ajiandae na moto. Tangu hapo sina raha. Je, nimechelewa? Na mvi zimeanza, naweza kuzipaka rangi nyeusi?

Jibu: Wa alaykumus salaam, ndugu yangu. Hayo maneno ya moto yanapendwa sana na wahubiri, lakini wanazuoni wa hadithi za Mtume (s.a.w.) hawakuyathibitisha kuwa ni maneno yake. Kilichothibiti, katika kitabu cha hadithi cha Bukhari, ni kuwa Mwenyezi Mungu hakumwachia udhuru aliyemcheleweshea ajali yake (siku ya kufa) hadi akafika miaka 60. (Hiyo si ruhusa ya kukaa ukisubiri miaka 17.)

Umri wa 40 umetajwa katika Surat Al-Ahqaf, aya ya 15, na wala hautajwi kwa tishio. Aya inaanza na kuusiwa kuwatendea wema wazazi, kisha mama: alivyobeba mimba kwa tabu, akazaa kwa tabu, kubeba na kunyonyesha miezi 30. Kisha mtoto huyo anakomaa, anafika 40, anaomba awezeshwe kushukuru neema aliyopewa yeye na wazazi wake, atende mema, na dhuria (kizazi) wake watengenezwe. Anamalizia: nimetubu kwako. Basi mtu mzima ni huyo aliye kati ya wazazi na watoto, akiwabeba wote kwa dua. Nyumba haikutajwa.

Nawe umenieleza habari za wenzako na nyumba zao, lakini mama hukumgusa hata kwa neno moja. Kama yu hai, nenda kamwone kabla hujaenda kutazama viwanja. Kama ametangulia, muombee na umtolee sadaka. Watoto nao, ukifunga biashara jioni, wasikilize walichosoma madrasa, usimwachie ustadhi peke yake. Madhambi yana toba, nayo hupokelewa maadamu roho haijafika kooni.

Kuhusu mvi, hina inafaa. Abu Quhafa, baba yake Abubakar, sahaba wa Mtume, aliletwa siku ya ufunguzi wa Makka (Waislamu walipouteka mji huo) kichwa cheupe pe, Mtume akaamuru kibadilishwe rangi lakini waepuke nyeusi. Imo katika kitabu cha hadithi cha Muslim. Wapo wanazuoni waliosema nyeusi ni makuruhu tu (haipendezi, lakini si haramu). Mimi nakushauri uiache.