Wakikujibu "sawa bosi", bado hujaeleweka

Jumapili moja usiku niliandika kwenye grupu letu la WhatsApp la ghala: "Gari la Moro liondoke saa 11 kesho. Tusichelewe." Vikaja vidole gumba vinne na "sawa bosi" mbili. Nikalala roho imetulia.

Wakati huo nilikuwa supavaiza wa ghala la maziwa na mtindi hapa Dar es Salaam, nina watu tisa chini yangu. Nilikusudia saa kumi na moja alfajiri, gari lipite Mbezi na Kibaha kabla ya foleni na mzigo uwahi maduka ya Morogoro yakifunguliwa. Karani mwenye funguo za stoo akaelewa saa tano asubuhi. Hakuwa mzembe. Karatasi za mzigo zinazotoka kwenye kompyuta yetu huandika 11:00 kwa saa tano, na yeye huzisoma hizo kutwa nzima.

Nilipoingia saa mbili asubuhi nilimkuta dereva wetu, mzee aliyenizidi zaidi ya miaka ishirini, amekaa kwenye benchi la mlinzi, chupa ya chai tupu iko miguuni pake. Yeye alinielewa vizuri. Alifika saa kumi na nusu, akakuta stoo imefungwa, akasubiri saa tatu na nusu. Namba yangu anayo.

"Shikamoo mzee. Mbona hukunipigia?"

"Marahaba mwanangu. Nikajua umebadilisha ratiba. Halafu siku ile nilipokupigia alfajiri ulisema mambo ya funguo si ya kukuamshia."

Sikukumbuka kusema hivyo. Lakini mzee yule si mtu wa kuzua, na najua ninavyojibu simu nikiwa na usingizi.

Mwanzoni nilidhani tatizo ni saa. Nikaagiza kila mtu aandike saa kwa maneno, tena aongeze "alfajiri", "asubuhi" au "usiku". Nawe fanya hivyo leo hii, hasa kama kazini kwako kuna watu wanaohesabu saa Kizungu na wengine Kiswahili. Ila saa ilikuwa nusu tu ya tatizo. Mmoja hakuelewa, akajibu sawa. Mwingine alielewa, akaona mambo hayaendi, akanyamaza. Na wote wawili walijifunza hayo kwangu.

Kwetu "sawa" ni neno la heshima. Mtu akimwambia mkubwa wake "sawa" anamaanisha: nimekusikia, sikupingi. Kuelewa ni habari nyingine. Ndiyo maana "Mmeelewa?" ni swali bure kabisa, nani atajibu hapana mbele ya wenzake? Nimeliacha. Siku hizi naulizia kazi yenyewe. Kesho tunaanzia wapi? Funguo zinalala na nani? Mkikuta msururu mizani ya Vigwaza, mnampigia nani dukani? Dakika mbili tu, na pale pale unaona nani ana safari nyingine kichwani kuliko yako.

Kwa mtu mzima aliyekuzidi umri lazima uwe mwangalifu, asije akajiona anasailiwa kama mtoto wa shule. Mimi humwambia mzee, "Nisaidie kuipanga hii safari, nisije nikasahau kitu." Simdanganyi. Barabara ile ameiendesha tangu mimi sijaajiriwa, na mara nyingi huwa kweli nimesahau kitu.

Kaka yangu ni fundi wa ndege. Nilipomsimulia ya mzee kusubiri nje ya stoo akanieleza kuhusu ajali ya Tenerife, tarehe 27 Machi 1977. Ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia ndani ya ukungu mzito, wakafa watu 583. Rubani mkuu wa KLM alianza kuruka kabla hajaruhusiwa. Aliyekuwa mnarani alimjibu "OK", kisha maneno ya kumwambia asubiri yakavurugwa na sauti nyingine iliyoingia redioni wakati huo huo. OK: sawa yetu ile ile. Ndege ikiwa tayari inakimbia, mhandisi aliyekuwa nao chumbani aliuliza kama ile ya Pan Am imeshatoka njiani. Rubani mkuu, mwalimu wa marubani katika shirika lake, akajibu kwa uhakika kuwa imetoka. Mhandisi hakuuliza tena.

Tangu pale maneno ya redioni yalikazwa: neno la kuruka halitamkwi ovyo mpaka ruhusa yenyewe itolewe, na rubani huyarudia maagizo kwa kinywa chake. Mimi nilibaki na yule mhandisi. Aliuliza, mkubwa akamjibu kwa uhakika, basi.

Kwa hiyo nikaanza na mdomo wangu. Jumatatu iliyofuata niliwaambia wote wakiwa wamesimama mlangoni mwa stoo kwamba kosa la wiki iliyopita lilikuwa langu, na nikamwomba mzee radhi kwa yale majibu ya simu. Zamani kreti zikianguka neno langu la kwanza lilikuwa "Nani?" Ukianza na "nani", watu wanaanza kumtafuta wa kumtwika. Sasa naanza na "Kuna aliyeumia?" halafu "Tumebakiwa na kreti ngapi?" Wa kuonywa ataonywa baadaye, ofisini, peke yake. Na anayenipigia usiku namwambia asante kabla sijasikia la pili, hata kama jambo lenyewe ni dogo. Hili lilinitoa jasho kuliko yote. (Ujumbe wa sauti wa dakika tatu kwenye grupu nao nimeuacha. Hakuna anayeusikiliza hadi mwisho.)

Usitegemee wakuamini wiki hiyo hiyo. Kwangu ilipita kama miezi mitatu simu haijalia usiku, na mambo ya kupigiwa yalikuwepo. Nilikuwa nayasikia asubuhi.

Kisha alfajiri moja, saa kumi kasorobo, jina la mzee likawaka kwenye simu.

"Mwanangu, samahani kwa usingizi. Jokofu la gari limegoma. Nimeliwasha tangu saa tisa, kipimo kiko kwenye 12, hakishuki."

"Asante kwa kunipigia, mzee. Unashaurije?"

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema gari la Bagamoyo litaondoka saa nne, tulichukue hilo, fundi ashughulikie hili kukipambazuka. Nilimwamsha karani, wakahamisha mzigo, na saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri gari likatoka getini.